Kalooli Katika Nyumba ya Chumvi

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakuwahi kutazama katuni. Kwenye katuni mgeni huja na mwenyeji hufa, tena hufa watu wakicheka, kwa sababu mgeni mwenyewe ni nyani aliyevaa miwani ya jua, au bata anayejamba, au punda mwenye meno marefu anayeimba huku akidondoka kutoka juu ya paa.

Chukua hadithi yoyote ya kale, iliyopita midomoni mwa watu hadi nyama yote ikaisha ukabaki mfupa. Wape wachora katuni. Kama ni yatima anayeteswa na mama wa kambo, wataongeza panya anayeogopa kivuli chake. Kama ni mfalme aliyemwua nduguye, ubavuni mwa kiti cha enzi utamkuta kasuku akilalamikia njaa. Wape gharika yenyewe, dunia nzima inazama, nao watamweka kobe aulize nani kabeba taulo. Hadithi haikuwahi kumwita huyo kobe. Lakini mtu fulani ofisini aliogopa kwamba mtoto akiachwa peke yake na huzuni kwa muda wa kumeza mate, atainuka aondoke. Basi akamtafutia mnyama wa kumtekenya.

Mimi nilipewa kalooli.

Kama hujafika kwetu Kasese, kalooli ni yule korongo mkubwa mwenye upara na mfuko wa nyama unaoning'inia shingoni, anayeshinda jalalani akisubiri matumbo ya mbuzi. Sina ugomvi na ndege huyo akiwa jalalani. Anafanya kazi ambayo sisi binadamu tumeshindwa. Ugomvi wangu ulianza alipovishwa tai na kuingizwa katika hadithi ya Mtoto wa Chumvi.

Naitwa Acan. Baba yangu ni mwanajeshi kutoka Gulu, mama yangu ni Mtooro, na mimi nilizaliwa kambini, ambako lugha ya kwanza niliyoitiwa chakula ni Kiswahili. Nasema hivyo mapema kwa sababu watu wengi wa Uganda hudhani Kiswahili ni lugha ya kufokea wezi. Nilipokuwa nasomea diploma ya uandishi wa habari, mhadhiri mmoja aliniuliza nani alinifundisha kusema kama askari. Nikamwambia, mama yangu, akininyonyesha.

Nilikuwa msimulizi katika studio ya Tonny, iliyoko juu ya duka la magodoro mjini Kasese. Utaratibu wetu ulikuwa hivi: sauti za wahusika hurekodiwa ndani ya filamu, lakini msimulizi hasikiki humo. Msimulizi husafiri na filamu. Ikionyeshwa Maliba, atakaa mtu wa Lhukonzo, lugha ya Wakonzo. Ikionyeshwa Bwera, ambako ukumbi hujaa watoto wa askari na watoto wa Wakongomani, nakaa mimi. Mkono mmoja unashika maikrofoni, mwingine uko kwenye kitufe cha sauti, kama wafanyavyo wafasiri wa filamu katika vibanda vya video nchi nzima. Filamu ikipiga kelele kukuzidi, unaipunguza. Hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Hadithi ya Mtoto wa Chumvi nilipewa na Mama Alliance.

Jina lake ni Feresita, lakini ukimwita Feresita hageuki. Anauza makayabu katika soko la Bwera: samaki wa Kahendero, anawapasua, anawasugua chumvi, anawaanika, na Wakongomani wanaovuka mpaka wananunua kwa fujo. Alliance alikuwa binti yake. Walivuka pamoja kutoka upande wa Butembo wakikimbia vita, na binti akafa kwa homa huku Uganda, mvua za mwaka uleule. Nilipoanza kununua samaki kwake niliona jambo moja. Yule mama alikuwa na chumvi hadi kwenye nyusi, lakini mchana alikula viazi vilivyochemshwa kwa maji matupu.

"Mama Alliance, presha?" nilimwuliza.

"Presha."

"Presha gani, na unabeba gunia kuliko wanaume?"

Akaniangalia. Mvua ilikuwa inapiga turubai la kibanda chake na wateja wamekimbia. "Mutoto wa afande, weye uko na macho mubaya," alisema. "Bon. Kaa."

Akaniambia kwamba kwao, katika ukoo wa mama yake, mwanamke akizika mtoto anaacha chumvi. "Si dawa, si uchawi, usiende kunisemasema. Anaacha tu. Kisha mwanamuke mwingine anakuya, anamupatia hadithi ya Mutoto wa Chumvi mbele ya batu, kuanza mwanzo mupaka mwisho. Hakuna mutu wa kudakia. Mutu akidakia, wanarudilia mwanzo. Ikiisha, wanamupatia chakula ya chumvi. Anakula, anaamuka, anaenda shamba."

"Na wewe?"

"Miye nani atanipatia? Dada zangu balitawanyika. Shangazi mwenye kuijua muzuri alikufa. Huku kila mutu ananiuliza kama nimemeza dawa ya presha."

"Si ujisimulie mwenyewe?"

"Weye unaweza kujinyoa kisogo?"

Akanifundisha. Ilichukua siku nyingi za soko, kipande leo, kipande kesho, kwa sababu mfiwa hawezi kuisema yote kwa pumzi moja. Kila nilipokosea alikuwa ananipiga kwa mkia wa samaki.

Zamani huko Katwe, kulikuwa na mwanamke aliyechota chumvi ziwani pamoja na wenzake. Wenzake walikuwa na watoto mgongoni. Yeye alikuwa na kikapu tu. Siku moja alichukua chumvi iliyo nyeupe kuliko yote, akaifinyanga, akaitia vidole, akaitia masikio, akailaza kando yake. Asubuhi ikamwomba uji. Akamlea binti yule kwa sharti moja: mvua ikianza, uko ndani. Binti alikua akitazama mvua kutoka mlangoni. Hata siku moja mama alikuwa anavuka mto na kuni kichwani, mvua ikanyesha milimani, mto ukafura ukamchukua. Binti akasikia sauti. Akatoka. Alipofika ukingoni mkono wake mmoja ulikuwa umekwisha. Akamvuta mama kwa ule uliobaki. Mama alipofumbua macho hapakuwa na mtu. Palikuwa na maji yanayotiririka kwenye matope. Akainama, akayaonja. Yalikuwa na chumvi. Akasema, "Basi hujaenda mbali." Akarudi nyumbani, akawasha moto, akapika.

Ndiyo yote. Hakuna ndege.

Nilitaka kumsimulia palepale sokoni, lakini alikataa. Sokoni watu wanadakia; ndiyo maana ya soko. Wakati huohuo shirika moja linalofadhili filamu za watoto lilikuwa linatafuta hadithi za kale za eneo letu, na Tonny alikuwa anaitafuta kazi hiyo kama mtu aliyeona maji jangwani. Nikaenda Bwera nikamwuliza Mama Alliance: filamu ikionyeshwa ukumbini, mimi nikiwa msimulizi, watu wamekaa kimya, itahesabika?

Alifikiri hadi akauza samaki wawili. "Mashine haisimulie. Lakini kama ni kinywa yako, na batu beko pale, na hakuna mwenye kudakia, itahesabika."

"Hakuna atakayedakia," nilimwambia. Ahadi ilikuwa yangu.

Kalooli aliingia siku ya kikao. Alikuja Jolly, ofisa wa shirika, mwanamke mwenye sauti laini inayokufanya ujisikie mgonjwa. Michoro ilikuwa ukutani: ziwa, kikapu, binti mweupe mlangoni. Mizuri, sikatai, vijana wa Tonny wanajua kuchora. Jolly aliitazama akainamisha kichwa upande.

"Ni nzuri sana. Lakini ni nzito."

"Ni chumvi," nilisema.

"Mtoto anahitaji rafiki ndani ya hadithi. Mtu wa kumshika mkono."

"Kuna mama. Ndiye anayeshikwa mkono. Ndiyo hadithi yenyewe."

"Mama analia sana, bambi, maskini," Jolly alisema, kama vile yule mama alikuwa ameomba kazi akashindwa usaili.

Tonny akarukia. "Acan, nawe uwe mwelewa. Kila katuni duniani ina mnyama wake. Watoto wanamnunua mnyama, hawanunui kilio. Tumpe kalooli! Ni wa hapahapa Kasese, ni utamaduni. Asuman atamfanyia sauti. Umemsikia Asuman redioni? Akikohoa tu watu wanaanguka."

"Kalooli anafanya nini nyumbani kwa mchota chumvi?"

"Anachekesha."

"Na asipochekesha?"

"Anaanguka."

Jolly alicheka, akaandika kitu. Nikaona jambo limekwisha. Watu wa aina hii hawaulizi kama hadithi imekosa kitu. Wanauliza kama wao wenyewe watachoshwa. Wao ndio wenye hofu ya kukaa kimya, halafu hofu hiyo wanambandika mtoto. Mtoto gani? Watoto wa Bwera wameona watu wakivuka mpaka na godoro kichwani na bibi mgongoni. Wameuliza maswali ambayo Jolly hawezi kuyajibu kwa sauti yake laini. Leo aje mtu awaambie hawawezi kuvumilia mvua ya picha kwenye shuka la kuonyeshea filamu?

Lakini nilikuwa na ahadi ya kutunza, kwa hiyo nilimeza. Nikasema: "Mpeni ndege wenu ziwa, mpeni jiko, mpeni paa la nyumba. Mvua muiache. Mvua ikianza, asiwepo. Hata unyoya."

"Nakuapia, nyabo," alisema Tonny, mkono kifuani. "Mvua ni yako."

Mama Alliance nilimweleza mwenyewe, nisije nikaonekana nimemficha.

"Kalooli?" aliacha kisu. "Ule ndege wa takataka?"

"Ndiyo."

"Anavaa nini?"

"Tai."

Esperance, jirani yake anayeuza vitenge, alicheka mpaka akashika nguzo. Mama Alliance hakucheka. "Na mu mvua ataingia?"

"Hataingia."

"Bon," alisema, akarudi kwa samaki wake. "Batajiri beko na shida mingi."

Onyesho la kwanza lilifanyika Bwera, alasiri, siku ya soko, katika ukumbi wa parokia. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi. Watoto walijaa hadi kwenye dari, wengine wamekaliana mapajani. Upande mmoja wale wa kambini, upande mwingine wale wa Wakongomani, katikati Wakonzo wa Karambi walioletwa na walimu wao. Jolly alikuwa nyuma na wageni wake kutoka Kampala. Mama Alliance alikaa mstari wa mbele kabisa, kitenge kipya, kichwa kimefungwa juu. Esperance alikuwa kando yake na bakuli lililofunikwa kwa sahani. Nilijua ndani mna nini. Makayabu na sombe, yaani kisamvu, na chumvi ya kutosha.

Niliketi pembeni mwa shuka jeupe, maikrofoni mkononi. Sikuwa nimeiona filamu tangu vijana waliporudi kuisafisha. Tonny aliniambia ni rangi tu walizogusa.

Mwanzo ulikwenda kama unavyoweza kwenda. Niliposema "Zamani huko Katwe" ukumbi ulitulia. Halafu kalooli akaanguka ziwani. Akatoka na chumvi upara mzima, akapiga chafya, tai ikamkaba. Asuman ni fundi, hilo sitamnyima. Kila alipokohoa watoto walipiga meza na migongo ya wenzao. Mama anafinyanga mtoto, kalooli anafinyanga samaki kisha anamla. Mtoto anaomba uji, kalooli anaomba nyama. Nilikuwa napita katikati ya kelele zake kama mtu anayevusha maziwa sokoni. Mama Alliance hakugeuka hata mara moja. Alikuwa anasubiri mvua. Yale mengine alikwisha kuyasamehe.

Mvua ikaanza. Vijana waliichora mvua ile vizuri kiasi kwamba watoto wa mbele walijikunyata. Mto ukafura. Binti akatoka mlangoni, na hakuna ndege. Akakimbia, na hakuna ndege. Nikasikia sauti yangu inapata nafasi. Mkono ukayeyuka. Ukumbi mzima haukupumua. Mama akavutwa, akalala matopeni, akafumbua macho. Niliona mabega ya Mama Alliance yakishuka, kama mtu anayetua mzigo.

Nikasema, "Palikuwa na maji yanayotiririka kwenye matope. Akainama—"

Kalooli akatua kando ya yule mama, na mwavuli. Akachovya mdomo wake katika maji yaleyale. Akayatema.

"Ptuuu! Nani kamwaga mchuzi?"

Ukumbi ulipasuka. Hata walimu. Hata mgeni mmoja wa Kampala aliyekuwa amelala. Kalooli alikuwa anaendelea kujipangusa ulimi kwa tai, na watoto wanaviringika sakafuni, na mimi namtazama Mama Alliance. Hakulia. Alinyoosha mkono akaisukuma sahani, ambayo Esperance alikwisha kuanza kuifunua, irudi mahali pake juu ya bakuli, taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba ya wengine. Kisha akaanza kutafuta ndara zake chini ya benchi.

Hadithi ilikuwa imedakiwa.

Nikashusha kitufe cha sauti hadi mwisho. Kalooli akabaki anapanua mdomo bila neno. Hilo halikutosha, nikainuka nikachomoa waya wa projekta. Shuka likawa shuka.

"Acan!" Tonny aliita kutoka kwenye mashine. "Acan, umeme?"

"Si umeme."

Watoto wakaanza kupiga makofi kwa mpigo mmoja. "Ka-loo-li! Ka-loo-li!"

Nikainua maikrofoni. "Kalooli amekufa."

Makofi yakakatika vipande vipande. Sauti moja ndogo ikatoka upande wa kambini: "Amekufa na nini?"

"Amemeza kaveera. Mfuko wa plastiki. Umemkaba."

"Atafufuka?"

"Hafufuki."

Hapo ndipo kilio kilipoanza, mmoja, kisha mstari mzima. Najua wanavyosimulia sasa, kwamba nilifurahi. Sikufurahi wala sikusikitika. Nilikuwa na kazi. Nilivuta pumzi nikatoa sauti ambayo baba yangu hutumia kwenye gwaride: "Kimya! Kaa chini! Funga mdomo!"

Watoto wa kambini walikaa kabla sijamaliza. Hiyo ni damu. Wakongomani wakawafuata kwa mshangao, na Wakonzo kwa sababu walimu wao pia walikaa. Jolly alikuwa anakuja katikati ya ukumbi akipunga mkono, na mama mmoja mnene aliyebeba mtoto akamvuta sketi. "Madamu, kaa. Hujasikia? Amesema kaa."

Akakaa.

"Zamani," nilisema, "huko Katwe."

Nikairudia kutoka mwanzo, mbele ya shuka tupu, bila picha na bila muziki. Mtoto mchanga alilia mahali fulani akapewa titi. Mpakani lori lilipiga honi. Hakuna mtu aliyesema neno. Nilipofika mtoni niliona watoto waliokuwa wakimlilia kalooli wamesahau kufuta makamasi. Nilipofika kwenye matope nilinyamaza kwanza. Ukumbi ule, ambao Jolly aliamini hauwezi kukaa na huzuni, ulikaa nayo ukasubiri mwanamke aonje.

"Yalikuwa na chumvi," nilisema. "Akasema, 'Basi hujaenda mbali.' Akarudi nyumbani, akawasha moto, akapika."

Esperance akafunua bakuli. Mama Alliance akanawa kwa maji ya chupa, akamega, akatia kinywani. Alitafuna muda mrefu akiangalia mbele. Machozi yalikuwa yanashuka lakini taya halikusimama. Watoto wa mstari wa pili walisimama kumtazama, hawajui wanatazama nini.

"Esperance," alisema hatimaye, "weye unapika kama mutu mwenye kutaka kuua. Chumvi yote hii?"

"Nilikuambia uonje mwenyewe jikoni, ukakataa!"

"Leta maji." Akamega tena. Kisha akanigeukia mimi. "Na weye. Pale pa muto ulikimbiza. Mama ya mu hadithi si mupumbavu, haanguke mara moja vile. Anashikilia jiwe kwanza. Nilikufundisha jiwe."

"Nilisahau jiwe."

"Utarudilia siku ingine. Kwa mwingine." Akaendelea kula.

Tulirudi Kasese kila mtu na gari lake. Kesho yake niliitwa ofisini.

Jolly alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti changu. Tonny alisimama dirishani akijifanya anasoma bango la magodoro.

"Kuna mzazi amenipigia," Jolly alianza, sauti ileile ya wodini. "Mtoto wake anakataa chai. Anauliza kalooli amezikwa wapi."

"Mwambieni jalalani."

"Acan!" Tonny aligeuka. "Wageni walitaka kumpa kalooli filamu yake mwenyewe. Unanielewa? Yake peke yake! Walimpenda. Tumeanza hata kuichora. Inaitwa Kalooli Aenda Kampala."

"Na Mtoto wa Chumvi?"

"Huyo hayumo. Huyo ameyeyuka."

Nilimtazama nione kama ataona haya. Hakuona. Hivyo ndivyo mgeni anavyofanya: anaingia kwa kuomba kipembe cha mkeka, anamaliza kwa kukuuzia nyumba yako. Nikamwuliza, "Uliniapia. Mvua ilikuwa yangu. Nani alimweka?"

Tonny akamwangalia Jolly. Jolly akaangalia kucha zake. "Tulijaribu bila yeye," alisema. "Pale mwisho palikuwa kimya mno. Nilijisikia vibaya."

"Ulipaswa kujisikia vibaya."

"Si kila mtu amefiwa, Acan."

"Aliyefiwa alikuwa mstari wa mbele."

Jolly akarudi kwenye kucha zake. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kwamba kila shimo hujazwa. "Kwa ajili ya mama mmoja, uliwaliza watoto ukumbi mzima," alisema. "Mama mmoja."

"Ndiyo. Mmoja."

"Hatukufukuzi," Tonny alisema haraka, mikono mbele kama anapima godoro. "Kale, haya, sikiliza. Siku ya soko ijayo tunarudi Bwera. Utapanda mbele, utasema kalooli hakufa, alizimia tu. Asuman atakuwepo na vazi la manyoya, atatoka nyuma ya pazia, watoto watapiga kelele, utaomba radhi, basi. Dakika chache! Halafu unaendelea na kazi yako, hata kwenye filamu ya Kampala. Mtu wa Kiswahili kama wewe nitampata wapi?"

Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na ndilo lililoniuma. Kazi ile niliipenda. Hakuna studio nyingine kutoka hapa hadi Fort Portal inayomlipa mtu kwa kusema Kiswahili chake bila kukichekea. Nilijua nikitoka mlango ule nitarudi kuandika matangazo ya sabuni.

"Sema tu 'samahani,'" Jolly alisema. "Ni neno dogo."

Ni neno dogo kwa mtu anayelitumia kama kitambaa cha meza. Kwetu kambini neno hilo lina uzito. Ukilisema umekiri kwamba ungepewa siku ileile tena usingefanya vile. Mimi ningepewa siku ile tena ningechomoa waya mapema zaidi, kabla kalooli hajafungua mwavuli. Na jiwe ningelikumbuka.

"Kalooli amekufa," niliwaambia. "Mama Alliance amekula. Watoto wamesikia hadithi nzima. Hamna la kurudisha Bwera."

"Kwa hiyo hutaomba radhi?" aliuliza Tonny.

"Siombi."

"Hata kwa watoto?"

"Siombi radhi kwa mtu yeyote."